Tupeane uzoefu: ulivyohudumiwa zahanati

MamaK: Habari wakuu. Leo nimeona mjamzito karudishwa mapokezi eti kasahau kadi ya kliniki, nikakumbuka ya kwangu. Mwanangu alichemka usiku kucha. Tukafika asubuhi, foleni hadi nje kwenye mwembe. Nesi kapita, salamu hakuna. Daktari hakuinua uso: "Homa? Maabara." Nikamwambia anatapika kila ninachompa, hakuandika. Kipimo kikaonyesha malaria, tukapewa dawa ya mseto ya kumeza. Hatujafika getini mtoto akakakamaa, macho yakapinduka. Nilipiga yowe! Nesi yule yule ndiye aliyemnyakua, akamlaza ubavu, akamchoma sindano ya malaria kali, artesunate, akaita gari na kupanda naye hadi hospitali ya wilaya. Mtoto yuko shule sasa. Nesi yule namwombea. Daktari bado nina kinyongo naye.

Chausiku_: Pole sana shoga. Mwili umenisisimka.

Mkulima wa Bondeni: Kwetu shida ni dirisha la dawa: "Hakuna, kanunue." Mzee wangu kavuka 60, kadi ya msamaha wa malipo anayo, vidonge vya presha ananunua duka la dawa. Msamaha gani huo?

Tabibu_Kijijini: Tuoneeni huruma jamani. Zamu moja unazalisha, unachanja, unajaza vitabu vya MTUHA vya takwimu za wagonjwa, peke yako. Ila MamaK, mtoto anayetapika kila kitu ana dalili ya hatari. Hapewi cha kumeza akaambiwa nenda nyumbani, anapewa rufaa. Hapo simtetei mwenzangu.

Chausiku_: Uchovu hauzuii salamu, Tabibu.

Tabibu_Kijijini: Njoo ukeshe na mimi leba ndiyo uongee.

Chausiku_: Nimekesha sana, nikiwa mzazi! Kwenye benchi!

Dogo Msafi: Dada acha ugomvi, mtoto kapona. Ushauri: msiende Jumatatu, na vaeni vizuri, mtasikilizwa.

Mkulima wa Bondeni: Usitufundishe kuvaa. Mgonjwa ni mgonjwa hata akitoka shambani.

Bibi Harusi: Kateni bima ya afya ya kaya.

Mkulima wa Bondeni: Ninayo. Dirisha ni lile lile.

Bibi Harusi: Basi andika sanduku la maoni.

Chausiku_: Letu kufuli limeshika kutu. Pigeni namba ya mganga mkuu wa wilaya iliyobandikwa ukutani.

Mjumbe: Namba piga, lakini bana kamati ya zahanati. Kwetu tulidai kwenye mkutano wa kijiji wasome dawa zilizopokelewa kutoka MSD, bohari ya dawa ya serikali, boksi kwa boksi. Walisoma, na tangu hapo orodha inabandikwa mlangoni.

MamaK: Mjumbe, mlianzaje? Mwenyekiti wetu hataki hata kuitisha mkutano.