Naomba ushauri: nakwama kipimo (bar, kipande kifupi cha wimbo) cha 6 cha "All the Things You Are"

Wakuu, habari zenu. Najifunza kupiga solo ya piano kwenye wimbo huu wa Jerome Kern wa 1939. Vipimo 5 vya mwanzo havinisumbui: Fm7, Bbm7, Eb7, Abmaj7, Dbmaj7, kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) zote za Ab meja. Shida inakuja G7 inapotupeleka C meja. Nikibadili skeli (mpangilio wa noti za kupigia solo) pale, solo inakatika ghafla.

Jana nilishikilia noti ya F tu. Kwenye Dbmaj7 ni noti ya 3 ukihesabu kutoka noti ya msingi ya kodi, kwenye G7 inageuka ya 7, halafu inashuka E kwenye Cmaj7. Aisee, ilitiririka vizuri mno, nikairudia mara nyingi!

Je, nifuatilie kwanza noti za 3 na 7 wimbo mzima, au niendelee na skeli? Mliopita hapa mlianzaje?