Kujitolea kutegesha kamera za wanyama msituni Mpwapwa, aliyewahi anijuze

chilonwa_boy
Wakuu habari za mchana. Nipo Dodoma mjini huku Nkuhungu, nimemaliza chuo mwaka jana mambo ya mazingira, ajira bado nazisikilizia. Sasa kuna jamaa kanipa mchongo wa kwenda kujitolea kwenye mradi wa kufuatilia wanyama kwa zile kamera zinafungwa kwenye mti zinajipiga zenyewe mnyama akipita, ni milima ya Rubeho upande wa Mpwapwa. Nauli, msosi na pa kulala wanatoa, mshahara hakuna. Mzee wangu anasema eti naenda kuwapiga nyani picha bure. Aliyewahi kufanya aniambie ukweli, kazi yenyewe ikoje na nikitoka hapo nina cha kuandika kwenye CV au nitakuwa mbeba begi tu?

kanu_wa_usiku
Begi utabeba dogo, hilo lisikusumbue. Mimi nilifanya Udzungwa na baadaye kidogo huko huko Rubeho. Mnapewa pointi kwenye GPS, mnapanda mlima, mkifika mnatafuta njia ya wanyama karibu na hiyo pointi, mnafunga kamera usawa wa goti hivi, isiangalie mashariki wala magharibi maana jua likiingia kwenye lenzi imekula kwenu. Halafu kata nyasi zote mbele yake, sio baadhi, ZOTE. Ile kamera inashtuka kitu chenye joto tofauti na mazingira kikisogea, sasa jani likipigwa na jua likapepea nayo inapiga tu, mnarudi baada ya wiki kadhaa mnakuta memori kadi imejaa picha za nyasi na betri zimekufa. Na mchana wa joto kali inaweza kumkosa mnyama kabisa kwa sababu mwili wake na hewa vinakaribiana joto.

Kitu kingine SAA. Kuna mwenzetu alitegesha saa mbili usiku akaweka 02:00, yaani saa ya kiswahili ile ile, tukaja kuona kwenye data fungo anatembea 06:00 asubuhi kila siku wakati ni saa sita usiku. Kambi nzima ilicheka ila kazi ya kurekebisha ilikuwa ya watu wazima.

Kuhusu kukutana na wanyama, kwa macho utaona tumbili, mbega na kinyesi. Wengine utawaona kwenye kompyuta jioni na hapo ndo raha ilipo, unafungua kadi, nyasi, nyasi, nyasi, mkia wa kitu, nyasi, mara nungunungu na mtoto wake. Na mwambie mzee sio nyani tu, kuna minde, yule swala mdogo wa msituni, huyo anapatikana Tanzania peke yake, picha ya kwanza ya minde akiwa porini ilipatikana mwaka 2003 kwa kamera hizi hizi. Na yule sengi mkubwa wa Udzungwa, kamnyama kenye pua ndefu kama mkonga, alinaswa na kamera 2005 msitu wa Ndundulu, 2008 wanasayansi wakamtangaza kuwa ni aina mpya. Mnyama mzima hajulikani mpaka miaka ya juzi hapa, unaona.

Mtoto wa Majengo
Mkuu ushauri mzuri ila tusidanganyane, bure ni bure. Mtu anakuja anakusanya data zetu anaenda kupata PhD yake kwao, wewe unabaki na tisheti. Dogo waulize mambo mawili kabla hujapanda basi. Wana vibali? Utafiti wa wanyamapori unapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na kama msitu ni wa hifadhi TFS (wakala wa misitu) lazima wajue, sasa ukikutwa msituni na kamera bila karatasi wewe ndo utajieleza sio wao. La pili wakupe barua inayosema umefundishwa nini, kutegesha, GPS, kutambua wanyama, kuingiza data. Wakisita hapo wewe baki Nkuhungu.

mama_kibakwe
Mimi naishi huku chini ya mlima niongee kidogo. Hizo kamera zinapiga na watu jamani. Sisi tunaenda kuokota kuni zilizokauka, tunachuma uyoga, mtu amejistiri nyuma ya mti kumbe kuna kidude kinamwangalia. Ilishawahi kuja timu huku wakategesha bila kuongea na kijiji, vijana wakasema ni za kukamatia watu wa mkaa, wakazing'oa zote. Kwahiyo mwanangu ukija hakikisha mmepita kwa mwenyekiti na mtendaji, ikiwezekana mkutano wa kijiji kabisa, mseme picha za watu mnazifanyaje. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ipo tangu 2022. Na chukueni vijana wa hapa wa kuwaongoza, njia wanazijua na hakuna atakayeng'oa kamera aliyoifunga ndugu yake.

kanu_wa_usiku
Mama umemaliza. Sisi picha za watu tulikuwa tunazifuta hapo hapo kambini kabla hazijatoka.

Mtoto wa Majengo
Wote wanasema hivyo hivyo mkuu 😄

nzuguni_online
Kama nauli inasumbua anzia kwenye simu, kuna mradi wa Snapshot Serengeti upo kwenye tovuti ya kujitolea ya Zooniverse, kamera 225 zilitegeshwa kule na watu wa dunia nzima wanajitolea kutambua picha mtandaoni. Bando tu. Utamjua bweha na fisi kabla hujaenda.

chilonwa_boy
Asanteni sana wakuu, shikamoo mama. Nimewauliza, vibali wanavyo wamenitumia nakala, barua wamesema watatoa. Tunaanza mwezi wa saba. Nibebe nini cha ziada?

mama_kibakwe
Marahaba baba. Sweta, mwezi wa saba huku juu ni baridi sio kama hapo mjini. Na shati la mikono mirefu, upupu unakuwa umekauka wakati huo, ukikupata utashuka mlima mbio.