Noti ndefu za Bach kwenye piano: tuzipige tena au tuziache zife?

Mwanzisha mada: Wakuu, chukueni fuga (wimbo ambao sauti kadhaa zinaingia kwa zamu na wazo lilelile) ya A maina, kitabu cha kwanza cha "The Well-Tempered Clavier" cha Bach, cha mwaka 1722. Mwishoni besi inakaa kwenye A moja vipimo kadhaa, na mikono yote miwili ina kazi huko juu. Vidole havifiki. Kwenye ogani mguu ungeishika. Kwenye piano, pedali ya kulia inanyanyua vizuia sauti vya nyuzi zote kwa mpigo, na fuga inageuka uji. Msimamo wangu: A ikififia, ipige tena, kwa upole, mwanzoni mwa kipimo. Frescobaldi, mtunzi wa Italia aliyemtangulia Bach, kwenye dibaji ya toccata zake (vipande huru vya kibodi) alishawaruhusu wapigaji kurudia noti zilizofungwa, yaani zilizounganishwa ziendelee kulia bila kupigwa upya, wapendavyo, ili ala isibaki tupu.

Mchangiaji 1: Napinga, mkuu. Frescobaldi alikuwa anazungumzia toccata, ambazo mwendo wake ni huru. Kwenye fuga, ukiigonga A tena, msikilizaji anadhani besi imeanza jambo jipya, na Bach kaandika imetulia. Steinway, watengeneza piano, walipata hataza ya pedali ya katikati mwaka 1874, ile inayoshikilia noti zilizobonyezwa tu, tuitumie. Kabla hujaanza fuga, bonyeza A ya chini polepole mpaka chini, nyundo isiguse uzi, kanyaga pedali hiyo, kisha achia kidole. Kizuia cha A peke yake kinabaki juu.

Mwanzisha mada: Kwenye piano kubwa, sawa. Piano nyingi za wima, pedali ya katikati inashusha kitambaa cha kupunguza kelele tu, na wengi wetu ndizo tulizo nazo. Halafu uzi ulioachwa wazi fuga nzima unaitikia kila A inayopigwa juu yake. Hilo nalo Bach hakuliandika!

Mchangiaji 2 (mpiga ogani kanisani): Mnaiogopa bure hiyo noti. Kwenye hapsikodi, kinanda cha enzi za Bach kinachodonoa nyuzi, nayo ilikuwa inakufa, tena upesi, na watu walisikiliza hivyohivyo. Nyuzi za besi za piano ni ndefu na nzito, zinavuma muda mrefu. Igonge A mara moja kwa uzito, pedali ya kulia ipande nusu tu sauti za juu zinapobadilika, na hizo za juu zicheze kwa sauti ndogo.

Mchangiaji 1: Nusu pedali kwenye piano ya wima iliyochoka? Labda wewe.