Vitunguu vikikaangwa nasikia uozo, hii pua imepatwa na nini?

MamaSupu
Habari zenu wadau, naomba anayejua mambo ya pua anisaidie maana nimechanganyikiwa. Mi kazi yangu kupika, nina kibanda cha supu asubuhi na wali mchana. Mwaka jana nilipata mafua makali yale ya kukulaza kabisa, homa ikaisha ila harufu zikakata, yaani dagaa wanaungua jikoni mi niko palepale sina habari mpaka jirani apige kelele. Nikavumilia nikijua itarudi tu. Na kweli imeanza kurudi lakini imerudi vibaya jamani! Kitunguu kikigusa mafuta ya moto nasikia mzoga. Kahawa ndo usiseme. Kuku wa kukaanga ni plastiki iliyoungua ikichanganywa na uozo, hata dawa ya mswaki nasafishia meno nikiwa nimefumba macho. Cha ajabu wali mweupe, ndizi, mtindi, hivyo sina shida navyo kabisa. Wateja wanasema chakula kitamu kama zamani, ila saivi binti yangu ndo mwonjaji mkuu, mi chumvi na ndimu nazijua, viungo vingine sielewi. Nilipoenda hospitali nikapewa antibayotiki, hamna kilichobadilika. Shangazi yeye kashamaliza, anasema biashara imefungwa na watu. Kuna aliyepatwa na hii kitu? Na hivi kuna wataalamu wanaochunguza pua au wote wako kwenye moyo na figo?

Kijiko_Mchafu
Pole mama, nilivyoona kichwa cha habari nikajua unamshitaki muuza vitunguu 😂 Piga nyungu, majani ya mkaratusi, mchaichai, malimau, jifunike blanketi kama tulivyofanya 2020. Halafu nusa Vicks, ukisikia inachoma puani ujue pua nzima, shida iko kwingine.

mdau_wa_maabara
Mkuu Kijiko hapo kwenye Vicks nakukatalia. Ule ubaridi na mchomo wa mentholi haupiti kwenye neva ya harufu, unapita kwenye neva nyingine ya usoni inayoitwa trijemino, hiyohiyo inayokufanya utoe machozi ukikata kitunguu au pilipili ikiungua. Mtu asiyesikia harufu hata moja duniani bado Vicks itamchoma. Na nyungu inalegeza kamasi, sikatai, ila haioteshi neva, na kuna watu wameungua uso kwa ule mvuke.

Mama yangu hiyo yako ina jina, inaitwa parosimia. Kutosikia kabisa ni anosimia, ndo ulianza nayo. Kusikia harufu wakati hakuna kitu chochote ni fantosimia. Wewe kitu kipo, ila kinafika kichwani kimepinda. Na si uchawi, watu kibao duniani wamepatwa nayo baada ya korona, na hata kabla ya korona mafua ya kawaida yalikuwa yanafanya hivyohivyo.

Ngoja nieleze kidogo maana hapa ndo patamu. Juu kabisa ndani ya pua kuna eneo dogo lenye mamilioni ya seli za neva, na binadamu tuna aina 400 hivi za vipokezi vya harufu vinavyofanya kazi, kila seli inabeba aina moja tu. Familia kubwa ya jeni za hivyo vipokezi iligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel wa Marekani, walitoa matokeo 1991 na 2004 wakapewa Nobel, kwa hiyo swali lako kama kuna wanaochunguza pua, wapo na heshima wamepewa. Sasa harufu moja haina kipokezi chake peke yake, inaamsha kadhaa kwa pamoja, ni kama kupiga gitaa, nyuzi kadhaa zinagongwa mara moja ndo unapata sauti ile, zikikatika mbili wimbo si ule tena. Virusi vikishaharibu pale juu na seli zikaanza kuota upya (na zinaota kweli, hizi ni kati ya neva chache mwilini zinazozaliwa upya maisha yote) kuna kipindi zingine zimesharudi na zingine bado, au zimeungana na ubongo mahali sipo. Hayo ndo maelezo yanayokubalika zaidi kwa sasa.

Kuhusu korona walishangaa kidogo. Wengi walidhani kirusi kinaingia kwenye neva yenyewe, kumbe tafiti za 2020 zikaonyesha kwamba mlango kinaotumia, ile protini ya ACE2, uko kwenye seli zinazoishikilia na kuilisha neva. Walinzi wakifa, mwenye nyumba naye anazimika. Halafu 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichukua vipande vidogo vya nyama ya pua za watu waliokaa muda mrefu bila harufu wakakuta seli za kinga bado zimejazana pale zinapigana wakati kirusi chenyewe hakionekani tena.

Na ile kahawa yako! Mwaka huohuo 2022 watu wa Chuo Kikuu cha Reading Uingereza walichukua mvuke wa kahawa wakautenganisha kemikali mojamoja, wakawanusisha wenye parosimia. Iliyowachefua wengi zaidi ni moja yenye salfa ambayo pua nzima inaisikia kama kahawa au bisi, na inasikika hata ikiwa kidogo mno. Ndo ujue kwa nini orodha za wagonjwa wengi zinafanana: kahawa, vitunguu, swaumu, kuku, nyama ya kuchoma, dawa ya mswaki. Vingi ni vitu vya salfa au vilivyopita kwenye moto mkali. Wali na mtindi havina hiyo balaa.

boda_mstaafu
Afadhali yako dada inarudi. Mi nilianguka na pikipiki bila helmeti, kisogo kikagonga lami, toka siku ile pua ni pambo tu. Mke wangu kajifungua watoto wawili sijui mtoto mchanga ananukiaje.

mdau_wa_maabara
Pole sana kaka. Zile nyuzi za neva zinapita kwenye vitundu vidogo vya mfupa ulio juu ya pua, kichwa kikigongwa ubongo unacheza na nyuzi zinakatwa palepale. Ya ajali inarudi kwa shida kuliko ya mafua, sitakudanganya, ila wapo inayorudi kidogo.

MamaSupu
Asante sana mwanangu Mungu akubariki, umenitoa kwenye mikono ya shangazi. Sasa tiba? Nimeambiwa nichome chungwa nile na sukari.

mdau_wa_maabara
Chungwa la kuchoma lilizunguka sana mitandaoni, ushahidi hakuna, kula kama unalipenda. Kitu cha kwanza tafuta daktari wa ENT (masikio, pua na koo) akutazame na kakamera, maana vinyama vya puani na sainasi (vile vijumba vya hewa usoni) zikivimba vinaziba njia na hivyo vina dawa zake, si antibayotiki za kubahatisha. Na usipige puani dawa yoyote ya zinki, Marekani 2009 mamlaka yao ya dawa iliwaambia watu waache jeli za namna hiyo kwa sababu zilikuwa zinaua harufu.

Kama njia iko wazi basi kuna mazoezi. Profesa Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, 2009 waliwapa wagonjwa 40 harufu nne wanuse asubuhi na jioni kwa wiki 12, wengine 16 hawakupewa, walionusa wakapata nafuu zaidi. Harufu zenyewe ni waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Yaani mtu wa pwani hapo hahitaji duka la dawa! Marashi ya waridi yapo, ganda la limau lipo, majani ya mkaratusi ya kuponda, karafuu za Pemba ponda mbili tatu. Kila kimoja kwenye kikopo chake chenye kifuniko, nusa taratibu sekunde kumi na kitu, usivute kwa nguvu, pumzika kidogo nenda cha pili. Na unaponusa ukumbuke ilivyokuwa inanukia, usinuse huku unachati. Si muujiza, wengine haiwasaidii, ila haina gharama na haina madhara.

Fundi_Gesi_TZ
Wanasayansi mkimaliza mniachie nafasi. Mama unapika kwa gesi? Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, ile ya mayai viza inawekwa makusudi. 1937 kule New London, Texas, shule ililipuka kwa gesi asilia isiyo na harufu wakafa karibu watu 300, wengi wanafunzi, baada ya hapo ndo sheria za kuitia harufu zikaja. Wewe harufu hiyo huisikii au unaisikia kama kitunguu tu. Mtungi uweke nje, kila ukibadilisha paka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira uone kama linatoa mapovu, na asubuhi binti aingie jikoni kwanza kabla hujawasha kiberiti. Na boda_mstaafu hii ni yako pia.

Neema_K
Mmenitisha, baba yangu ana miaka 70 na kitu, hasikii harufu siku hizi na hajaumwa mafua. Nilisoma ni dalili ya Pakinsoni, ule ugonjwa wa kutetemeka??

mdau_wa_maabara
Dada Neema tulia. Ni kweli harufu inaweza kupotea miaka kabla mikono haijaanza kutetemeka, na kuna mama wa Scotland, Joy Milne, alisikia harufu ya mumewe imebadilika miaka mingi kabla hajagundulika na Pakinsoni, watafiti wa Manchester wakamtumia kutafuta kemikali zenyewe kwenye mafuta ya ngozi. Lakini wazee wengi harufu inapungua kwa umri tu. Kama pia anatembea taratibu kuliko zamani, maandishi yamekuwa madogo, au anapiga mateke usingizini, hapo mpeleke. Kama hana, akapimwe pua kawaida.

MamaSupu
Karafuu nimeshaponda tayari. Swali la mwisho, ubani na udi naweza kuongeza kwenye hivyo vikopo? Na hii kazi ya vitunguu nifanyeje maana supu bila kitunguu wateja watanihama.

mdau_wa_maabara
Ubani mkavu ndani ya kikopo sawa, ukiufukiza ni moshi, unaikera pua. Vitunguu mwachie binti akaange nje kwenye upepo, wewe ingia vikishachemka na supu. Na chakula chako wewe ukile kikiwa kimepoa, kikiwa cha moto kinarusha mvuke mwingi zaidi.