Flaiwili ya msumeno wa mnyororo imegoma kutoka, naomba ushauri wa haraka

SinaPresha
Habari wakuu. Nina msumeno wa mnyororo hapa mezani. Kava ya stata nimeshaitoa, nati ya flaiwili, lile gurudumu lenye sumaku, imetoka bila shida yoyote, ila flaiwili yenyewe imeshika kama imezaliwa na shafti. Tangu juzi naipulizia dawa ya kutu, nimegonga, nimechokonoa kwa bisibisi mbili huku na huku, wapi! Keshokutwa mashine inatakiwa iwe inakata. Swali langu ni moja tu: nikiipasua kwa grenda nitakuwa nimekosea? Flaiwili nyingine nimeshaipata, kwa hiyo hii hata ikifa hainiumi. Naomba kuwasilisha.

Mtemakuni
Kwanza mkuu, unachanganya oili kiasi gani? Watu wengi wanaua hizi mashine kwa kukadiria kwa macho. Kama kitabu kinasema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili ya tu-stroki kwenye kila lita ya petroli. Siyo kifuniko, siyo "kidogo tu".

SinaPresha
Mkuu mchanganyiko hauna shida. Shida ni flaiwili.

Mtemakuni
Ndivyo wanavyosema wote.

Fundi Tosha
Weka grenda chini kwanza. Shafti pale imechongwa kama koni, na flaiwili imekaa juu ya hiyo koni kwa kubanana. Diski ikipitiliza nusu milimita tu inaichora hiyo shafti, yaani krenki, na hapo hiyo flaiwili mpya hutakuwa na pa kuivalisha. Nijibu matatu: unaitoa kwa sababu gani? Uso wa flaiwili una matundu mawili yenye thredi? Na mara ya mwisho nani aliifunga? Kama ni koili tu, ile ya kutoa cheche, kwa mashine nyingi inakaa nje ya flaiwili, unaibadilisha bila kugusa kitu kingine.

SinaPresha
Ilizimika ghafla ikiwa kazini. Ukivuta kamba inakurudishia mkono kwa nguvu, na mara moja ilipiga mlipuko kwenye kabureta. Matundu mawili yapo, nilidhani ni ya kupunguza uzito.

Fundi Tosha
Hayo ndiyo ya pula, kifaa cha kuvutia flaiwili. Umejibu mawili, la tatu umeliruka.

Mwanaharamu Apite
Mimi yangu ilikuwa jenereta. Nikatoa nati yote, nikakaza pula, nikapiga nyundo kichwani mwa bolti. Wakuu, ile kitu ilitoka kama imetumwa! Ikapita sikioni, ikavunja kioo cha dirisha, ikaenda kulala nje kwenye majani. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia upepo. Hakukuwa na upepo. Tangu siku hiyo naiacha nati imeshika thredi mbili tatu mwishoni, flaiwili ikiachia inagota pale pale.

Bi Hekima
Vijana mnapenda kufungua vitu. Kitu kikizima mpelekee aliyesomea. Mbona jino likiuma hulingʼoi mwenyewe?

Mwanaharamu Apite
Mimi niling'oa, bibi.

SinaPresha
Nimewasikia wote, lakini mnanizungusha. Pula sina. Grenda ninayo hapa. Nimekata kidogo pembeni kuona inavyokwenda na inakwenda vizuri, ni aluminiamu laini kabisa. Nikienda polepole sioni ubaya.

Fundi Tosha
Kumbe umeshaanza kukata halafu ndiyo unaomba ruhusa?

Jicho Kavu
Ngojeni niwavunjie starehe. Mtoa mada anasema nati ilitoka "bila shida yoyote". Mkuu, uliizuiaje injini isizunguke? Kawaida unaingiza kamba kwenye tundu la plagi, pistoni inaibana, ndiyo unapata nguvu ya kufungua.

SinaPresha
Sikuzuia chochote. Nilitoa kwa vidole.

Jicho Kavu
Haya sasa. Nati inayoishikilia flaiwili imetoka kwa vidole, halafu flaiwili imeganda kama jiwe! Nati ikilegea, flaiwili inacheza. Haigandi. Wakuu, hii ni chai, tena ya rangi. Mwezi uliopita huyu huyu alileta uzi wa pampu ya maji iliyoganda "nati ikiwa imelegea". Ile kamba ya kwenye plagi hakuitumia kwa sababu zote katupiga nazo sisi.

Mwanaharamu Apite
😂😂 Nimekaa siti ya mbele.

Bi Hekima
Nilijua tu. Mtu mkweli hapapatiki.

Mtemakuni
Na mchanganyiko hakutaja mpaka sasa.

SinaPresha
Jicho Kavu, pampu ilikuwa pampu na hii ni hii. Sina faida ya kutunga. Haya, niseme yote. Wiki tatu nyuma niliifungua flaiwili mimi mwenyewe. Nyuma yake kuna sili ya krenki, ilikuwa inavuta hewa, mashine ikawa inajipandisha spidi yenyewe bila kushika mafuta. Siku hiyo flaiwili ilitoka kwa mapigo mawili tu ya nyundo. Nikabadilisha sili, na wakati wa kurudisha nikapaka grisi kwenye shafti ili siku nyingine isinisumbue. Nati nilikaza kwa mkono na spana fupi, niliogopa kuvunja kitu kwa sababu mashine si yangu. Ni ya shemeji. Ilifanya kazi siku nne tu. Na kama mnataka ushahidi: kwenye shingo ya shafti, pale inapoingilia flaiwili, kuna unga laini wa rangi ya kutu, kama ugoro. Nikifuta kwa kidole unarudi kila nikigonga. Mtu anatunga hadi ugoro?

Fundi Tosha
Hapo umenipa kila kitu. Jicho Kavu umeuliza vizuri, ila umehukumu haraka. Kutungwa haikutungwa, ilikatwa katikati.

Ile koni inatakiwa kukaa kavu. Chuma kwa chuma, kavu, ndiko kunakoishikilia flaiwili. Ile kii ndogo iliyo kwenye mfereji wa shafti watu wanadhani ndiyo inabeba mzigo. Haibebi. Kazi yake ni kuiweka flaiwili mahali pake ili sumaku ipite kwenye koili kwa wakati sahihi. Wewe ukaweka grisi, nati ukaiacha nusu. Flaiwili ikaanza kutikisika, mtikisiko mdogo usioonekana kwa macho, maelfu ya mara kwa dakika. Huo unga ni chuma kilichosagwa na kushika kutu. Ikatikisika hadi kii ikakatika, flaiwili ikajizungusha kidogo, vyuma vikakwaruzana, vikang'ang'aniana. Kwa hiyo nati imelegea na flaiwili imeganda, vyote kwa pamoja. Na kwa kuwa sumaku imehama, cheche inakuja wakati wa makosa: ndiyo maana kamba inakurudisha mkono.

Jicho Kavu
Sawa, nimekubali kwa ugoro. La pampu bado nalitafakari.

SinaPresha
Basi nifanyeje? Maana shemeji anakuja keshokutwa jioni.

Fundi Tosha
Usichokonoe tena kwa bisibisi. Mapezi yakivunjika upande mmoja flaiwili inapoteza mizani, na hata kama hiyo unaitupa, kava ya nyuma yake huitupi. Pula ya makucha ya kushika ukingoni pia acha.

Chukua bapa la chuma nene, toboa matatu: mawili yalingane na matundu ya flaiwili, moja katikati lenye thredi. Bolti mbili zishike flaiwili, ya kati isukume ncha ya shafti. Rudisha nati kwanza hadi iwe sawa na ncha, ili thredi zisifumuke na usimvunjie mtu dirisha. Kaza ya kati mpaka ikatae, halafu gonga kichwa chake mara moja, kavu. Ikigoma, mwaga petroli yote, ipeleke mashine mbali na harufu ya petroli, pasha moto kitovu cha flaiwili kwa mashine ya hewa moto. Moto wa wazi hapana, na usiunguze sumaku, joto kali linaipunguzia nguvu. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma, inatosha. Nyundo nzito sahau: krenki ya hizi mashine ni vipande vilivyoshindiliwa, ukiipiga kwa hasira inapinda na hutaiona ilipopinda.

Bi Hekima
Na wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Mwambie shemeji wako leo, siyo kesho.

SinaPresha
Bibi nimekusikia. Hakuniazima lakini, alinipa nimtengenezee.

Bi Hekima
Ndiyo mbaya zaidi.

SinaPresha
Wakuu, IMETOKA. Saa saba usiku. Nilitoboa bapa la bawaba ya mlango wa zamani, nikakaza, nikapasha moto, nikagonga mara moja, hakuna. Nikakaa chini nikakata tamaa. Nikiwa nanawa mikono nikasikia "tak!" mezani, imeachia yenyewe. Kii imekatika katikati, kipande kimoja kimebaki kwenye shafti na kingine kwenye flaiwili, vimeachana upana wa kucha. Koni ina mikwaruzo lakini siyo ya kutisha. Nikivalisha mpya nipake grisi kidogo sana tu?

Fundi Tosha
HAPANA.

Fundi Tosha
Toa kipande cha kii taratibu, weka kii mpya. Paka dawa ya kusagia valvu kwenye koni, izungushe flaiwili mpya kwa mkono bila kii mpaka zikutane vizuri, halafu safisha dawa yote, yote, ikauke. Nati kaza kwa kipimo cha kitabu cha mashine, na hapo ndipo kamba ya kwenye plagi inapohitajika. Pistoni iwe imeshapita tundu la ekzosi kwenda juu, la sivyo kamba itabanwa humo. Koili iache nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3 na sumaku, angalia kitabu.

Jicho Kavu
Na shemeji umeshamwambia?

SinaPresha
Ngoja kwanza iwake.