Isuzu ya chumvi inakunywa oili: ringi tu, kufungua injini yote, au injini ya mtumba?

Mbeba Chumvi
Salaam aleikum jamani. Nina Isuzu NPR yenye injini ya 4HF1, ile ya lita 4.3. Nabeba chumvi kutoka Gongoni kwenda Mombasa, nikirudi napakia mzigo wa maduka ya Malindi. Zamani nilikuwa naongeza oili lita moja kwa wiki mbili, sasa ni lita moja kila safari. Asubuhi inatoa moshi wa bluu mpaka majirani wanafunga madirisha. Ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, mvuke unakupiga usoni. Maji ya radieta nayo yanapungua, ila kwenye oili sijaona maji.

Nimepewa rai tatu. Fundi wangu wa hapa mjini anasema tushushe sampu (bakuli la oili la chini) injini ikiwa hapo hapo kwenye gari, tuinue hedi (kifuniko cha juu cha injini), tuchomoe pistoni, tutie ringi za pistoni na beringi mpya, siku nne niko barabarani. Wa Mombasa anataka injini iteremshwe yote. Shemeji yangu ananiambia niachane nao wote wawili, ninunue injini ya mtumba ya Japani. Mkopo wa lori haujaisha na gari ikilala naumia. Nyinyi mngefanyaje?

Dereva wa Msabaha
Mtumba, yakhe. Mimi nilitia, mwaka wa tatu huu sijashika spana. Siku mbili tu, nikapakia.

Fundi wa Maweni
Dereva, wewe ulipata bahati, na bahati haiuzwi dukani. Mbeba Chumvi, kabla ya kuchagua lolote hebu nikuulize: umepima nini mpaka sasa? Moshi na mvuke vinakuambia injini imechoka. Havikuambii imechokea wapi.

Usiimwage ile oili ukaisahau. Chukua filta yake ya oili, ikate kwa msumeno, uikunjue karatasi juani. Vumbi la chuma litanasa kwenye sumaku. Ukiona vijichembe vya rangi ya shaba visivyonasa, beringi zimekwisha ngozi ya juu. Kisha pimeni mgandamizo wa silinda zote nne injini ikiwa na moto. Mimi huangalia ni ipi iliyoachana na wenzake. Zikiwa zimeshuka zote sawasawa, huo ni uchakavu wa umri. Ikiwa moja tu imeanguka, pana kisa chake: valvu, ringi iliyovunjika, au gasketi.

La tatu ndilo watu wengi hawalifanyi. Fungua bomba la hewa linalotoka kwenye filta ya hewa kuingia injini, upitishe kidole ndani. Kidole kikirudi na vumbi, hapo ndipo ringi zako zilipoliwa. Barabara za kwenye mashamba ya chumvi zina mchanga laini, na mchanga ukiingia unasaga silinda kama jiwe la kunolea. Ukifunga injini mpya na bomba bovu, baada ya miezi kadhaa tutakuwa hapa tena.

Sasa hiyo rai ya ringi tu. Mimi si mpinzani wake, nimeifanya mara nyingi. Inafaa pale slivu (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) bado ni duara na ile michirizi iliyokatana bado inaonekana ukutani. Ila ringi ya juu inaposugua kwa miaka huacha kidaraja pale juu ya silinda. Pitisha ukucha. Ukikwama vizuri, usitie ringi mpya humo, maana kona yake ni kali, itagonga kidaraja na kuvunjika. Pia slivu hailiki sawasawa, inalika upande pistoni inakoegemea, ikawa yai. Ringi mpya ni duara, haitaziba yai. Kwa hiyo pima kwa geji ya silinda juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili: sambamba na krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), kisha kuikatiza. Fundi asiye na geji aazime.

Bi Hesabu wa Mambrui
Mimi si fundi, nina malori mawili ya mawe na ndiye ninayelipa. Kuhusu mtumba, ndugu yangu, kumbuka namba ya injini imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukibadilisha injini unatakiwa ubadilishe na namba NTSA (mamlaka ya usafiri ya Kenya), na bima nao wajue. Siku mbili za Dereva ni za spana, makaratasi hakuyahesabu. 😄 Na gari likiwa bado lina mkopo, kitabu kina jina la mkopeshaji pia, basi itabidi umwombe.

Mimi nilinunua mtumba mara moja. Muuzaji aliiwasha pale pale, ikanguruma vizuri kweli. Haikuwa na moshi kwa sababu ilinguruma dakika tano bila mzigo. Tulipoipandisha Kilifi na tani za mawe ndipo ilipoanza kusema. Tangu hapo nikienda kununua naenda na fundi, na namwambia muuzaji: shusha sampu nione beringi mbili, ama tuagane. Wengi hukataa.

Dereva wa Msabaha
Bi Hesabu umenishika hapo. Makaratasi sijayamaliza mpaka leo.

Utingo Mstaafu
Mkifungua, wekeni alama! Vifuniko vya beringi kuu na vya konrodi (fimbo inayounga pistoni na krenki) kila kimoja kina kiti chake na upande wake, havibadilishani. Kiwandani vilichongwa vikiwa vimefungwa pamoja na mwenzake. Kijana mmoja aliviosha vyote kwenye ndoo moja, akavipanga kwenye mkeka kama madafu ya kuuza. Injini ilipofungwa, krenki ikakataa kuzunguka hata kwa bomba la mita mbili. Tulilala hapo.

Na kabla ya kung'oa gia za taimingi, zungusha mpaka silinda ya kwanza iwe juu, pigeni picha za alama. Sisi zamani tulitumia rangi ya kucha ya mama watoto.

Mchonga Vyuma, Mombasa
Nafanya kazi kwenye leithi, naletewa hedi na krenki za huko kwenu kila wiki, kwa hiyo nitasema mawili.

Krenki: msiilete ikatwe kabla ya kupimwa. Watu huniambia "kata" kana kwamba ni lazima. Ikiwa jarida zake (sehemu zinazozunguka ndani ya beringi) bado ziko kwenye kipimo cha kiwandani na hazina mikwaruzo, inang'arishwa tu, inarudi na beringi za kawaida. Ukikata unashuka milimita 0.25, kisha 0.50, na huwezi kurudi tena juu. Krenki nyingi za dizeli zimegumishwa ngozi ya nje kiwandani, na ngozi hiyo ni nyembamba. Ukiikata bila kuigumisha upya unabaki na chuma laini. Pia ile kona ya mviringo pembeni ya jarida lazima ibaki mviringo. Kona ikiachwa kali, ufa unaanzia hapo.

Hedi: legezeni boliti injini ikiwa baridi kabisa, kidogokidogo, kuanzia pembeni kuja katikati, la sivyo mtaipinda wenyewe. Halafu muilete ijaribiwe kwa maji ya shinikizo. Nyufa za kati ya valvu hazionekani kwa macho. Bwana anasema maji yanapungua na hayako kwenye oili, yanakwenda wapi basi? Unatia maji gani?

Mbeba Chumvi
Maji ya kisima cha nyumbani. Yana chumvi kidogo, ya kuogea tu.

Mchonga Vyuma, Mombasa
Subhanallah. Ya kuogea! Maji hayo yanakula hedi kwenye matundu ya maji, pale gasketi inapokaa. Afadhali ya mfereji yanayotoka Baricho, na bora zaidi kulenti (dawa ya radieta) ya kuchanganya. Nina hakika nikiiona hedi yako nitakuta vishimo.

Mbeba Chumvi (siku tisa baadaye)
Narudi na majibu, samahanini kwa kimya. Tulikata filta, vijichembe vya shaba vipo, si vingi. Mgandamizo umeanguka kwenye silinda ya 3. Bomba la hewa: klampu ilikuwa imelegea na kidole kilirudi chekundu kwa vumbi. Hapo nilikaa kitako.

Tukainua hedi. Silinda ya 3 inakamata ukucha, na geji imesoma milimita 112.31 juu na 112.05 chini. Hizo nyingine tatu zina nafuu, lakini ile michirizi haipo tena. Rai ya ringi ikafa hapo hapo, na fundi wangu mwenyewe ndiye aliyesema, nampa heko. Injini tumeiteremsha. Hedi ina vishimo kama alivyosema Mchonga Vyuma, imeshuka Mombasa na krenki juu ya matatu. Krenki imekutwa kwenye kipimo, itang'arishwa. Slivu, pistoni na ringi natia zote nne. Nimemuuliza shemeji kama atanisimamia makaratasi ya mtumba, amenyamaza.

Fundi wa Maweni
Vyema. Usinunue gasketi ya hedi sasa. Injini za Isuzu za aina hiyo zina gasketi za unene tofauti, unachagua baada ya kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku. Ukinunua kwa kukisia, ama inagonga ama inakosa nguvu. Klampu je?

Mbeba Chumvi
Klampu mbili mpya na bomba jipya, viko kwenye droo ya gari. Utingo wangu nimemkabidhi madumu manne ya maji ya mfereji, ananiangalia kama nimerogwa.