Ghorofa ya tatu Mafiati, watoto wawili na wa tatu njiani: nichukue au niende Uyole?

SpeaMwanjelwa

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa mtu aliyeishi ghorofani na watoto, si wa kuhadithiwa.

Nina mke, binti wa miaka sita, na dume la miaka mitatu ambalo kutembea halijui, linajua kukimbia tu. Wa tatu tunamtarajia Agosti. Sasa tupo Ilomba hapa Mbeya, vyumba viwili vya kupanga, choo cha nje, na mwenye nyumba anavitaka vyumba vyake kwa sababu mwanawe anaoa. Dalali kanizungusha sehemu mbili.

Ya kwanza ni Mafiati, ghorofa ya tatu, ndiyo ya juu kabisa, lifti hakuna. Vyumba viwili, sebule, jiko, choo na bafu ndani. Laki mbili na nusu kwa mwezi, anataka miezi sita, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Dukani kwangu natembea kwa miguu, na binti anavuka barabara moja tu kufika shule. Ya pili ni Uyole, ndani ndani huko: nyumba nzima, vyumba vitatu, uwanja wenye migomba na mparachichi, laki moja na themanini. Ila ni bajaji hadi barabarani, kisha daladala, na kwa huu upanuzi wa njia nne kutoka Uyole hadi Ifisi, asubuhi yake mnaijua.

Mke kashaipenda Mafiati kwa ajili ya bafu la ndani. Mama mkwe, ambaye hutoka Tukuyu kila mwanawe akijifungua na kukaa mpaka arobaini iishe, hataki kusikia. Tangu lile jengo la Kariakoo lianguke Novemba 2024, kwake ghorofa ni kaburi lenye madirisha. Watu watano, bibi akija sita, vyumba viwili. Inawezekana?

MamaWatatu_Forest

Kaka, vyumba visikutishe. Nimelea watatu kwenye vyumba viwili, kitanda cha dabodeka kikamaliza kesi. Kinachochosha ghorofani ni maji na ngazi.

Maji usimuulize dalali, atakwambia yanatoka usiku na mchana. Nenda mwenyewe saa moja jioni, saa ambayo kila nyumba inapika na kuogesha watoto, ufungue bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja. Presha ikipungua wa juu ndiye wa kwanza kukosa. Uliza tenki liko wapi, juu au chini, na pampu inakula umeme wa LUKU ya nani. Kwetu ilikuwa ya mpangaji wa chini. Akisafiri, units zikiisha, jengo zima tunapanda na madumu.

Ngazi sasa. Mkeo akijifungua kwa upasuaji atakatazwa kubeba kitu kizito kwa wiki kadhaa. Mtungi wa gesi atapandisha nani? Gunia la mahindi kutoka kijijini je? Sisi tuliacha kununua gunia, tukawa tunanunua unga kilo tano tano, na bei ya rejareja unaijua. Hiyo ni sehemu ya kodi, ijumlishe. Na nepi: Agosti jua lipo, lakini ikifika Desemba na mvua zake, kama huruhusiwi kuanika juu ya paa utaishi na kamba sebuleni.

Mazuri yapo. Vumbi dogo, usiku unalala bila kuwaza dirisha, na Hospitali ya Wazazi Meta ni karibu kuliko ukitokea Uyole na uchungu ukiwa umeanza. Hilo peke yake mimi lingenitosha.

FundiNondo

Mama mkwe msimcheke. Mbeya tumekaa kwenye Bonde la Ufa, ardhi hapa hutikisika. Nondo zilizo ndani ya zege huwezi kuziona, ila nguzo za chini unaziona. Ufa mwembamba wa plasta ni kawaida. Ufa ulio kwenye nguzo yenyewe au kwenye boriti, ufa mpana wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha, au zege lililobanduka hadi nondo yenye kutu inachungulia, hapo usilipe hata senti.

Swali kubwa zaidi: hiyo ghorofa ya tatu ilikuwepo kwenye ramani ya mwanzo, au iliongezwa baadaye mwenye nyumba alipopata hela? Tazama tofali na rangi kama zinafanana na za chini. Ukitilia shaka, omba kuona kibali cha ujenzi cha halmashauri. Akinuna, umeshajibiwa.

Halafu hilo dume lako. Grili ya dirisha nafasi isizidi sentimita 10. Nondo za balkoni ziwe za kusimama. Za kulala mtoto anazipanda. Kochi lisikae chini ya dirisha. Pale ngazi zinapoanzia, mlangoni kwako, weka kigeti cha kuchomelea chenye komeo upande wa nje.

MparachichiUyole

Mimi nipo Uyole na sihami. Mtoto acheze udongo. Daladala utazizoea.

MjukuuWaRungwe

Mmesahau baridi. Bibi akija kutoka Tukuyu atataka jiko la mkaa chumbani kwa mzazi, ndivyo alivyolelewa. Nyumba zetu za kule upepo unapita chini ya bati. Ghorofani dirisha la aluminiamu likifungwa, limefungwa kweli. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, watu hulala wasiamke. Mablanketi, soksi, maji ya moto kwenye chupa, basi. Aambiwe mapema na kwa adabu, na binti yake mwenyewe. Wewe mkwe kaa mbali na hilo.

SpeaMwanjelwa

Ndaga fijo, asanteni sana wote. Nimekwenda saa moja jioni kama mama alivyosema. Jikoni maji yakatoka vizuri, bafuni yakawa yanadondoka, na mwenye nyumba akakiri tenki liko chini na pampu huwashwa asubuhi tu. Nguzo ziko safi, ghorofa zote rangi na tofali ni moja. Kodi ya jengo, hii inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, amesema kila mpangaji inamkata kwenye mita yake. Nimemwambia basi ipungue kwenye pango.

Tumebishana hadi miezi mitatu badala ya sita, na pampu iwashwe na jioni. Mpangaji wa ghorofa ya kwanza anahama mwishoni mwa mwaka, nimeomba nipewe nafasi hiyo kabla haijatangazwa. Mpaka hapo gunia la mahindi litakaa dukani. Mama mkwe kasema atakuja, ila atalala karibu na mlango.

Fundi, kigeti cha ngazini ni juu yangu au juu ya mwenye nyumba?

FundiNondo

Mwambie akilipie yeye. Akikataa, tengeneza chako cha kufunga kwa bolti, na iandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa hela kwamba ukihama unakifungua unaondoka nacho.